Kichekesho cha Mila na Taabu za Wachezaji Wake

Muhula huu kikundi kidogo cha wachezaji wanane kutoka Kasulu mjini kilikuja katika bwalo letu kikaonyesha kichekesho juu ya posa na mahari. Wanafunzi walicheka hata wengine wakateremka chini ya viti. Siku chache baadaye Mwalimu Mkuu alipokea barua mbili za wazazi. Ya kwanza ilisema kwamba watoto wamefundishwa kuwacheka wazee wao. Ya pili ilikuwa fupi zaidi, nayo iliuliza shule ililipwa fedha ngapi. Bodi ya Shule italizungumza jambo hili katika mkutano wake ujao, maana kikundi kimeomba bwalo tena. Kwa kuwa nilikuwa mmoja wa walimu waliosimamia mlango siku ile, Mhariri ameniomba nieleze kichekesho ni kitu gani, kimetoka wapi, na kwa nini wanaokicheza karibu wote ni maskini. Barua ya pili naweza kuijibu hapa hapa: shule haikulipwa kitu.

Kwanza yafaa niwasimulie wale ambao hawakuwapo. Mchezo wenyewe ni wa mji mdogo kama hii yetu ya Kasulu na Kibondo, wenye soko, kituo cha mabasi, na nyumba za bati zilizopakana na migomba. Kijana wa mji huo anafanya kazi Dar es Salaam, naye ataka kumwoa binti wa nyumbani. Likizo hapewi, kwa hiyo anamtuma mshenga kwa pikipiki, na ng'ombe wa mahari anaahidi kuwapeleka kwa simu, yaani fedha zao. Baba wa binti hapingi, lakini pale kwake mtandao haushiki. Basi anapanda juu ya kichuguu, mkono wenye simu ameuinua, na ukoo mzima umekizunguka kile kichuguu ukingoja ng'ombe. Kila simu inapolia, shangazi anauliza, "Huyo ni dume au jike?" Ng'ombe wa nne akafika pungufu kwa sababu ya makato, na wazee wakaketi baraza kuamua ni mguu upi uliokatwa.

Katikati ya mchezo mshenga aliingia, akasalimu, akaketi. Mzee mmoja wa Heru Juu, aliyekuwa safu ya mbele, akasimama na fimbo yake akasema kwa sauti, "Sivyo! Mshenga haketi kabla ya kuambiwa." Bwalo likanyamaza. Mchezaji aliyekuwa baba wa binti hakubabaika. Alimwinamia mzee, akasema, "Asante sana, baba. Hata mimi nilimshangaa," akamfukuza mshenga ili aingie upya. Mshenga alipofika mlangoni, mzee mwingine, aliyehamia huku kutoka Kibondo, akasema kwamba kwao Muhambwe mshenga huketi mara moja, ili ionekane kwamba hakuja kwa shari. Wakabishana kwa Kiha karibu dakika tano, na mshenga yuko mlangoni, mguu mmoja ndani na mmoja nje, akimtazama huyu na huyu. Hapo ndipo watu walipocheka kuliko mahali pengine pote, na maneno yale hayakuandikwa na mtu yeyote.

Jambo hilo la mwisho ndilo la kushika. Kichekesho cha kwetu aghalabu hakiandikwi. Wachezaji hukutana jioni, wakakubaliana juu ya mifupa ya mchezo tu: nani anaingia kwanza, anataka nini, kitu gani kinamzuia, na nani anatoka wa mwisho. Nyama ya mchezo hutiwa mbele ya watazamaji, tena kila siku ni mpya. Ndiyo sababu mchezo ule ule waweza kuchukua nusu saa mahali pamoja na saa nzima mahali pengine. Kila mchezaji ana mtu wake anayemjua sana: mmoja ni mzee mchoyo, mwingine ni shangazi mwenye maneno, mwingine mlevi, mwingine mgeni aliyetoka mjini juzi. Vazi hulitangaza jina lake kabla hajafungua kinywa. Koti lililo kubwa kupita kiasi, mto uliofungwa tumboni, miwani isiyo na vioo, hayo yatosha.

Na lugha nayo ina kazi yake. Katika mchezo ule, mtu alipozungumza na mtendaji wa kata alisema Kiswahili cha kunyoosha, lakini alipokasirika aliteleza akaingia Kiha bila kujua. Kila alipoteleza, bwalo lilianguka kwa kicheko, kwa sababu hakuna mmoja wetu ambaye hafanyi hivyo nyumbani kwake. Mchezaji wa kichekesho lazima apime mteremko huo. Akitia Kiha kingi, wanafunzi waliotoka mikoa mingine wanabaki nje. Akitia kidogo mno, bibi aliyekuja na mjukuu wake anasinzia.

Sasa tuulize, kwa nini mila? Kwa nini wachezaji hawa hawachezi habari za wafalme au za vita? Sababu ni kwamba kichekesho chahitaji kanuni ambayo kila mtu bwaloni anaijua kabla ya kuingia, ili inapovunjwa, au inapofuatwa mahali pasipofaa, wote waone mara moja bila kuelezwa. Chukua salamu. Huku kwetu mtu hasemi "Mwakeye" akapita zake. Huulizwa habari za nyumbani, za watoto, za mifugo na za shamba, na jibu ni jema hata kama anayejibu ana homa. Sasa mlete jukwaani mtu anayekuja mbio kumwambia jirani kwamba nyumba yake inaungua. Adabu yamtaka asalimu kwanza. Anauliza watoto, watoto wazima. Anauliza mbuzi, mbuzi wazima. Anauliza nyumba. "Nyumba nzima," asema jirani. "Basi," ajibu mjumbe, "ilikuwa nzima nilipoondoka kwenu."

Mtu asiyejua salamu zetu akiutazama mchezo huo ataona mpumbavu mmoja tu. Sisi twaona jambo jingine. Twajua kwamba kanuni ile ni njema, kwamba mtu anayeingia kwako akimwaga shida zake bila kukuuliza hali amekudharau. Na twajua pia kwamba moto haungoji. Kicheko hutoka katikati ya mambo hayo mawili. Kwa hiyo anayecheka hapo lazima awe na mila hiyo ndani yake. Nimeona wanafunzi wageni wakicheka mwendo wa mchezaji na wenyeji wakicheka maneno, na vicheko hivyo viwili havikuja wakati mmoja.

Tena miji midogo ina utajiri wake katika jambo hili, kwa sababu mtu wa mji mdogo huishi chini ya kanuni mbili kwa siku moja. Asubuhi yuko benki anasimama foleni kwa namba, jioni yuko msibani anaketi kwa ukoo. Nyanda zetu za Buha zimezoea hali hiyo tangu zamani. Wakati wa Waingereza vijana wa Kiha kwa maelfu walikwenda kufanya kazi ya manamba katika mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro. Waliporudi walikuja na mablanketi, vitambaa, na Kiswahili cha huko. Mtu wa namna hiyo, arudiye kwao na kofia mpya na kukuta kwamba mama yake bado anamtuma kuni, alikuwa kichekesho tayari kabla ya kupanda jukwaani. Mjukuu wake leo hurudi kutoka Dar es Salaam au Mwanza na simu mbili, na mama bado anamtuma kuni.

Lakini hapa ni lazima nimpe haki yake mzazi aliyeandika barua ya kwanza, maana historia ya kichekesho si safi yote.

Hadithi za kuchekesha, ngoma za kuigiza na mafumbo vilikuwako tangu kale. Kichekesho kama tukijuavyo, yaani mchezo mfupi wa mazungumzo unaochezwa na watu wachache mbele ya watazamaji walioketi, kilikua mashuleni na mijini wakati wa ukoloni. Wazungu walikuwa na michezo yao wenyewe. Kikundi cha Dar es Salaam Players, kwa mfano, kilianzishwa mwaka wa 1947. Katika shule za sekondari wanafunzi walichezeshwa michezo ya Kiingereza, Shakespeare akiwa wa kwanza. Kando ya hayo, siku za sherehe, wanafunzi walijitungia vichekesho vyao kwa Kiswahili. Na aliyechekwa alikuwa nani? Mara nyingi alikuwa mshamba aliyefika mjini asijue njia, au mtumishi wa Mzungu asiyeelewa Kiingereza, au mzee aliyeishika saa kichwa chini. Watawala hawakuona ubaya wowote katika michezo hiyo. Kijana aliyesoma darasa chache aliwacheka waliomzaa, na Mzungu aliyeketi mbele alicheka pamoja naye, kila mmoja kwa sababu yake. Basi mzazi anayeogopa kicheko cha namna hiyo haogopi kivuli. Kilikuwako, na bado chaonekana mara kwa mara, hasa katika picha za video ambamo kila mtu wa kijijini ni mjinga na kila mtu wa mjini ni mwizi.

Waandishi walipoanza kuandika michezo ya Kiswahili, walilitazama jambo hili kwa makini zaidi. Mwaka wa 1957 vilitoka kule Kenya vitabu vya michezo vya Graham Hyslop, aliyekuwa afisa wa serikali wa muziki na michezo, kama vile "Afadhali Mchawi" na "Mgeni Karibu". Na mwaka huo huo ukatoka "Nakupenda, Lakini" wa Henry Kuria, aliyesoma Alliance High School, unaohusu mapenzi ya vijana. Kwetu Tanzania Mwalimu Nyerere alichapisha tafsiri yake ya "Julius Caesar" mwaka wa 1963, na ya "Mabepari wa Venisi" mwaka wa 1969. Mwaka wa 1967 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza idara ya michezo ya kuigiza, na baada ya hapo walitokea waandishi kama Ebrahim Hussein na Penina Muhando, ambao michezo yao wanafunzi wengi waijua. Kichekesho kisichoandikwa hakikuingia katika vitabu hivyo. Kilibaki kwenye baa, kwenye sherehe za shule na kwenye redio, ambako Pwagu na Pwaguzi wa Radio Tanzania walikuwa na wasikilizaji nchi nzima.

Sasa mtu ataniuliza, kuna kicheko gani basi kisicho cha dharau? Jibu limo ndani ya mila zenyewe, nalo ni utani. Katika makabila mengi ya nchi hii babu na mjukuu wana ruhusa ya kuchezeana, na shemeji na shemeji, na makabila fulani na makabila fulani. Msibani mtani hufanya mambo ambayo mtu mwingine angepigwa kwayo. Huiga mwendo wa marehemu na sauti yake, hudai deni lisilokuwapo, huzuia njia ya kaburini mpaka apewe kitu. Wafiwa huku wanalia huku wanacheka. Hakuna anayesema kwamba mtani amevunja mila ya msiba, kwa sababu yeye ni sehemu yake. Asipokuja watu huuliza yuko wapi. Mtani yuko ndani ya uzio. Ndiyo tofauti yake na yule kijana wa zamani aliyesimama nje akirusha mawe.

Kwa hiyo mimi nikipimiwa kichekesho cha mila, huuliza mchezaji amesimama upande gani wa uzio. Kikundi kilichokuja kwetu kilimcheka baba aliyepanda kichuguu, ni kweli, lakini kilimcheka zaidi yule kijana wa Dar es Salaam aliyedhani kwamba ng'ombe ni tarakimu tu. Na mzee wa Heru Juu alipoingilia kati, hawakumwambia aketi. Walimpa mchezo, nao wakamsikiliza.

Nakubali kwamba ugomvi huu si wetu peke yetu. Mfaransa Molière, ambaye watu wa nchi nyingi humhesabu kuwa bwana wa vichekesho, aliunda kikundi na rafiki zake huko Paris mwaka wa 1643. Watazamaji hawakuja. Mwaka wa 1645 alitiwa gerezani kwa madeni, na mmoja wa waliomdai alikuwa mwuza mishumaa, maana jukwaa la siku hizo liliangazwa kwa mishumaa. Alipotoka, yeye na wenzake waliondoka mjini wakazunguka miji midogo ya mikoani miaka kama kumi na mitatu, wakicheza katika kumbi za kuazima na mahali popote walipopata ruhusa. Waliporudi Paris mwaka wa 1658 walicheza mbele ya Mfalme Louis wa 14, naye akawapenda. Hata hivyo mchezo wake juu ya mnafiki ajifanyaye mtakatifu ulipoonyeshwa mwaka wa 1664 ulipigwa marufuku, na hakupata ruhusa ya kuuonyesha wazi mpaka mwaka wa 1669. Barua za malalamiko zilizomfikia mfalme nadhani zilikuwa nyingi kuliko mbili. Mchezo wake mwingine, ule wa mfanyabiashara ajifunzaye kuwa mwungwana kwa kununua walimu, umetafsiriwa kwa Kiswahili kwa jina la "Mchuuzi Mwungwana".

Nimemtaja Molière pia kwa sababu ya mishumaa yake, maana sasa naja kwenye fedha. Baada ya onyesho letu, wachezaji walizihesabu juu ya meza ya maabara nami nikiwamulikia taa. Watu wazima 90 walilipa shilingi 500 kila mmoja, na wanafunzi 210 walilipa shilingi 200 kila mmoja. Jumla ni shilingi 87,000. Pikapu ya kuwaleta na kuwarudisha ilikuwa 40,000. Vipaza sauti vya kukodi, 20,000. Matangazo na gharama za karatasi, 10,000. Chakula cha watu wanane, 12,000. Zilizobaki ni shilingi 5,000, yaani shilingi 625 kwa kila mchezaji, kwa jioni moja na majuma manne ya mazoezi. Wanafunzi wa hesabu watanisahihisha kama nimekosea. Tena hiyo ilikuwa jioni njema. Mvua ingenyesha, wangerudi na deni.

Mtu atasema, waongeze kiingilio. Lakini wakidai 1,000, yule bibi haji, wala mzee wa Heru Juu, na bila wao mchezo wenyewe ni mwembamba. Mtu atasema, wacheze kila siku. Lakini mji mdogo una watu wale wale. Ukicheza mara tatu umewamaliza. Kwa hiyo ni lazima kusafiri, na kusafiri ndiko kunakokula fedha. Hilo ndilo fundo, na halikuanza Kasulu.

Ukiitazama historia ya nchi yetu utaona kwamba kichekesho hakikuweza kusimama kwa miguu yake ila kwa nadra sana. Karibu kila mara kilibebwa na kitu kingine. Mwaka wa 1974 serikali iliunda kikundi cha taifa cha michezo ya kuigiza, na wachezaji wakawa na mshahara. Kikundi hicho kilivunjwa miaka michache baadaye, na mwaka wa 1981 Chuo cha Sanaa cha Bagamoyo kikaanzishwa. Mashirika ya umma yalikuwa na vikundi vyao vya utamaduni, kama Urafiki, kiwanda cha nguo, na DDC, shirika la Jiji la Dar es Salaam. Mchezaji aliajiriwa kiwandani na jioni akacheza. Vilikuwako pia vikundi vya watu binafsi kama Muungano cha Norbert Chenga, na mwaka wa 1992, vyama vingi viliporudi, chama cha CCM kikaanzisha Tanzania One Theatre chini ya Kapteni John Komba. Vikundi hivi vilicheza katika mabaa ya Dar es Salaam usiku mrefu, na katika usiku huo kulikuwa na ngoma, sarakasi, taarabu, mchezo wa kuigiza, na kichekesho. Watu walinunua tiketi na bia kwa ajili ya mambo yote hayo pamoja. Kichekesho kilipanda gari la wengine.

Magari hayo yaliharibika moja baada ya jingine. Mashirika ya umma yalipodhoofika na mengine kuuzwa, vikundi vyake vilikwenda pamoja nayo. Mwaka wa 1994 televisheni ikaanza Tanzania Bara, na watu wakapata kicheko nyumbani bila kiingilio. Wachezaji wengine walivuka wakaingia huko na katika filamu. Marehemu Amri Athumani wa Tanga, aitwaye King Majuto, aliyezaliwa mwaka wa 1948, alipanda jukwaani angali mtoto na akafa mwaka wa 2018 akiwa anajulikana hata na watoto ambao hawajaona jukwaa. Lakini kwa mmoja aliyevuka, wengi walibaki ng'ambo.

Huku kwetu nyanda za juu gari lilikuwa la namna nyingine. Kuanzia mwaka wa 1993 wakimbizi wengi kutoka Burundi waliingia wilaya za Kasulu na Kibondo, na mwaka wa 1996 kambi ya Nyarugusu, karibu na Makere, ikafunguliwa kwa wakimbizi kutoka Kongo. Mashirika ya misaada yalitumia sana michezo ya kuigiza kufundisha habari za UKIMWI, usafi na ukatili majumbani. Kwa hiyo wako vijana wengi katika nyanda hizi ambao mara ya kwanza kumwona mchezaji akilipwa posho ilikuwa katika mchezo wa namna hiyo. Jambo jema, nami silidharau. Mafunzo mengi yalitoka huko. Lakini lilikuwa na hasara mbili. Kwanza, mchezo ulioagizwa na shirika huwa na neno lake la mwisho tayari kabla haujaanza, na kichekesho kinageuka kijiko cha kunyweshea dawa. Mlevi hawezi kushinda hata siku moja. Pili, maonyesho hayo yalikuwa ya bure, na mtu aliyezoea mchezo wa bure huona shilingi 500 kuwa wizi. Kambi ya Mtabila ilifungwa mwaka wa 2012, nyingine zikafunguliwa upya Warundi walipokuja tena mwaka wa 2015, na posho hizo zikapanda na kushuka kwa amri za watu walio mbali sana na Kasulu.

Hata Molière, kumbuka, alibebwa na mfalme.

Liko pia jambo la sheria, nalieleza kwa ufupi kwa sababu wazazi wengine waliuliza mlangoni. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka wa 1976 yataka mchezo uombewe kibali kabla ya kuonyeshwa kwa watu wote, na maelezo yake yapelekwe. Kwa mchezo ulioandikwa hilo ni rahisi. Kwa kichekesho kisicho na maandishi wachezaji huandika ukurasa mmoja wa mifupa, na nyama haiwezi kuandikwa kwa sababu bado haijatokea. Dakika tano za mzee wa Heru Juu na mzee wa Kibondo zisingeweza kuombewa kibali na mtu yeyote. Kikundi hiki kilikuwa na karatasi zake zote, nilizisoma mwenyewe.

Wazazi watakaofika kwenye mkutano wa Bodi wataamua wenyewe. Wale wanaoona kwamba posa isichezewe mbele ya watoto wana haki ya kusema hivyo, na yafaa waseme ni sehemu gani iliyowachoma, maana wachezaji wametuambia wako tayari kuja kusikiliza. Ombi la kikundi ni dogo: bwalo kwa jioni moja, na lori la shule liwabebe kutoka Kasulu likienda kuchukua vyakula, kwani linakwenda huko hata hivyo. Kwa hesabu yangu ya hapo juu, lori hilo peke yake lingegeuza shilingi 625 kuwa shilingi 5,625.

Mzee wa Heru Juu hakuandika barua yoyote kati ya zile mbili. Alipita hapa juma lililopita kuuliza wachezaji watarudi lini, maana ana ndugu yake anayeijua habari ya washenga kuliko mtu yeyote na anataka kumleta. Mzee wa Kibondo naye amesikia hayo, na yasemekana ametuma salamu kwao. Wachezaji kwa upande wao wamebadili sehemu ile. Sasa mshenga anapofika mlangoni haingii, anawageukia watazamaji, anavua kofia, na kuwauliza, "Wazee wangu, kwa hapa kwenu, niketi au nisimame?" Waliijaribu Makere siku ya gulio. Ilichukua robo saa kabla hajaketi.